Vikombe vya Uani kwa Musawo

Mtu akimsema vibaya Musawo mbele yangu, mimi nagombana naye. Kama niko na ndoo kichwani, naweka ndoo chini kwanza, halafu nagombana. Namuwongo yote, hapa Kampala, inanijua. Siku moja niligombana na mama mzima kwenye foleni ya chumvi mpaka nikapoteza nafasi yangu, kwa sababu alisema, "Yule mzee wa kufua nguo alikuwa mpelelezi wa serikali." Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, mama yangu bado yuko hai.

Nikarudi nyumbani bila chumvi. Njiani, pale kwenye reli, nikasimama. Yule mama hakulitunga lile neno. Alilisikia kwa mtu, na yule mtu alilisikia kwa mwingine, na ukilifuata nyuma mpaka mwisho unanikuta mimi, nimesimama mlangoni pa ua wa Musawo, napiga kelele.

Kwa hiyo acha niseme mwenyewe. Siku hizi, serikali ile ya wanajeshi imekwisha, watu watano wanaweza kukaa pamoja bila kuogopa gari litakalosimama nje, na mimi nina miaka ishirini na miwili na mdomo bado ninao.

Jina lake sitaliandika. Hata uani kwake hakuna aliyelitumia. "Musawo" kwa Waganda ni daktari, lakini Namuwongo ukijua tu kufunga kidonda utaitwa Musawo mpaka ufe. Alizaliwa wapi, sijui. Wengine walisema ni mtu wa Kenya, kwa sababu alikaa kwenye nyumba za zamani za wafanyakazi wa reli. Sikumwuliza. Mtu anakupa uji, wewe unamwuliza kabila?

Hakuwa na cheti. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye wodi za wagonjwa wa akili, anafua shuka, analisha watu, anawaosha. Madaktari walikuwa wanapita na kuandika, yeye anabaki na mgonjwa. Nadhani ndiyo sababu tulielewana. Mimi shule niliacha darasa la sita, kusoma nikajifunza kwa magazeti ya kufungia chumvi. Yeye udaktari alijifunza kwa beseni.

Kazi yake ilikuwa ni vijana wa pombe na bangi. Na hapo nimeshakosea, angenikatiza: "Si vijana, Chandia. Ni nyumba." Alikataa kabisa kumpokea kijana peke yake. Ukimletea mtoto wako kama unavyopeleka redio kwa fundi, uiache urudi kuichukua, anakurudisha. Lazima mje wote mnaolala chini ya bati moja.

Sasa, miaka ile, nyumba tano sita kukusanyika uani kwa mtu kila Jumamosi mchana ilikuwa ni kujitafutia kifo. Musawo alikuwa na ujanja wake. Alikuwa dobi, anafua nguo za watu wa fleti za Bugolobi. Kila nyumba iliyokuja kwake ilikuja na furushi la nguo chafu. Anayepita njiani anaona watu wanaleta nguo kwa dobi, basi. Ndani, kamba zilikuwa zimefungwa huku na huku, shuka zimetundikwa mpaka chini, na nyuma ya shuka ndiyo tulikaa kwenye mikeka. Na ndani ya kila furushi, katikati ya nguo, kulikuwa na kikombe.

Hicho kikombe ndicho kilikuwa dawa yake ya kwanza.

Siku sisi tulipofika mara ya kwanza tulikuwa watatu: mama, mimi, na kaka yangu Rashidi. Baba alikataa. Baba alikuwa sajini wa polisi, mtu wa kaskazini, Mkristo, mama Mwislamu. Sisi watoto walitugawana, mimi nikaenda kanisani na baba, Rashidi msikitini na mama. Rashidi alikuwa utingo wa lori kule viwandani. Alianza na bangi ya barabarani, ili asilale, halafu waragi, pombe kali ya kienyeji, ili alale. Wakati tunampeleka alikuwa na miaka ishirini na mikono inatetemeka kama ya babu.

Mama akaanza kueleza. Musawo akamsikiliza kidogo, halafu akauliza, "Nyumbani huyu anakunywa chai na nini?"

Mama akaniangalia. Mimi, mdomo mrefu, nikajibu, "Na mkebe."

"Mkebe wa nini?"

"Wa mafuta ya kupikia. Anavunja vikombe, Musawo! Tena akilewa anatapika ndani yake. Nani atakunywa na kikombe kile?"

"Wewe ukiumwa malaria ukatapika, wanakupa mkebe?"

Nikamgeukia mama anijibie. Si kawaida yangu.

"Rudini Jumamosi nyingine," akasema. "Mje na kikombe. Sitaki kipya. Kile kile anachokunywa baba yake."

Mama alikasirika njia nzima. "Nimekuja kuomba dawa, naulizwa vyombo!" Lakini Jumamosi alikifunga kikombe cha baba ndani ya furushi. Musawo akakijaza uji wa ulezi, akampa Rashidi kwa mikono miwili. Kaka yangu alikishika kama mtu aliyeshikishwa mtoto mchanga wa mwenziwe. Nilitamani kucheka, nikaona macho ya mama, nikaacha.

Baadaye nikaja kuona kwamba karibu kila nyumba iliyokuja ilikuwa na mkebe wake. Mkebe, au kibuyu kilichopasuka, au sahani ya mbwa, haki ya Mungu. Waganda, watu wa kaskazini, Wakenya, Wakongo, wote tunatofautiana kwa kila kitu, lakini mlevi wa nyumba wote tulimpa chombo chake pembeni.

Dawa yake ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Ilikuwa maneno mawili: sema yako.

Mama akianza, "Huyu mtoto, Musawo, mwaka jana alichukua..." Musawo anainua kidole. "Hiyo ni ya Rashidi. Atasema akitaka. Wewe sema yako."

"Yangu ipi? Mimi sinywi!"

"Basi kunywa uji."

Mama alikunywa uji Jumamosi mbili. Ya tatu akasema, anaangalia chini, "Mimi nilikuwa namfungia nje. Halafu nakaa nyuma ya mlango, namsikiliza anavyolia, sifungui." Rashidi alikuwa hajui. Alidhani mama huwa anakwenda kulala.

Baba mwenyewe alikuja mara moja, amevaa nguo za nyumbani na kofia imevutwa mpaka machoni. Wale wengine walimwogopa hata hivyo, polisi anajulikana kwa anavyokaa. Alikunywa nusu kikombe, akasema, "Mimi huyu mtoto simchukii. Namwogopa. Anasikia ninayoyasema nyumbani. Akilewa akayasema baa, watakuja kunichukua mimi." Mama mmoja wa Kiganda akasogea kidogo, akampa nafasi kwenye mkeka.

Na mimi? Mimi nilipoulizwa yangu, nilisema, "Mimi sina. Mimi mzima."

Musawo alicheka mpaka akakohoa. "Haya, mzima. Koroga uji."

Nilikoroga uji mwaka mzima.

Sitaki mtu afikiri alikuwa mtakatifu. Alikuwa anavuta sigara, na alivuta kwa ile njia ya wamama wa zamani, moto umegeuzwa ndani ya mdomo. Anafua, anaongea, na moshi unatoka puani. Mara ya kwanza nilipoona niliruka. Siku moja kijana mmoja akamwambia, "Lakini Musawo, wewe unatukataza na wewe unavuta."

"Nimekukataza lini?"

Kijana akafikiri. Kweli, hakuwahi kumkataza.

"Mimi sigara imenishinda tangu nywele zangu nyeusi," akasema. "Ndiyo maana nakujua. Ukimpata mtu asiyeshikwa na kitu chochote, mlete hapa atufundishe, mimi nitamfulia bure."

Alikuwa pia mwizi wa karata. Baada ya uji alicheza na vijana, na aliiba waziwazi, anaficha karata chini ya goti, anachukua mbili badala ya moja. Nilidhani ni uzee. Siku moja Rashidi akamshika mkono, akapiga kelele, "Musawo! Hiyo ya goti!" na yule mzee akafurahi kuliko aliyeshinda. Tukiwa tunaosha vyombo akaniambia, "Akija mara ya kwanza namwibia karata zote, haoni. Siku akinikamata, najua macho yake yamerudi nyumbani."

Kwa vijana alikuwa mpole, kwa kuku alikuwa jeuri. Aliwatukana kuku matusi ya wodini, yale aliyotukanwa na wagonjwa. Na wazazi waliokuja na maneno ya dini kumpiga nayo mtoto aliwapa nguo wasuuze. "Suuza kwanza, Baba, Mungu anasikia hata ukiwa na maji mkononi."

Akianguka mtu, yaani akirudia pombe, halafu akatokea tena mlangoni baada ya wiki mbili, ananuka, hawezi kuinua uso, Musawo alikuwa na neno moja tu. "Umerudi." Si swali. Anamwaga uji, anampa.

Lakini cha kwangu zaidi ni Kiswahili chake.

Mnajua Kiswahili kilikuwa nini Kampala miaka ile. Kilikuwa ni lugha ya kizuizi barabarani. Watu wengi walijua maneno kumi tu: simama, kaa chini, toa kitambulisho, panda gari, nyamaza. Muganda akisikia Kiswahili nyuma yake anakaza mgongo kabla hajageuka. Mimi nilizaliwa katikati ya nyumba za polisi, hicho ndicho nilichonyonya. Hata kumwita Rashidi ale nilimwita kama namkamata.

Musawo alikisema polepole, kwa "tafadhali" na "pole" na "nisaidie mwanangu". Uani kwake hapakuwa na lugha nyingine ya kutuunganisha sote, na Waganda waliokuja walikivunja hivi, wakachanganya "l" na "r", "Musawo, mimi hapana rara vizuri," na yeye anajibu bila kucheka. Mama mmoja aliwahi kusema, "Mimi hapana jua Kiswahili inaweza kubembereza mutu." Hata mimi nilikuwa sijui. Nilikaa pale nikakoroga, nikasikiliza lugha yangu mwenyewe kama naletewa mgeni.

Sasa ile Jumamosi.

Rashidi alikuwa ameanza kuanguka tena, wiki tatu. Nyumbani tulikuwa hatujui. Musawo alijua, kwa sababu Rashidi alimwambia, na Musawo hakuwa anabeba ya mtu kumpelekea mwingine. Asubuhi ile baba akafungua sanduku, koti lake la mvua la kazi halimo. Koti la polisi, la serikali. Jumatatu kulikuwa na ukaguzi. Na mjue, miaka ile koti la polisi likipotea hawakuulizi limepotea wapi. Wanakuuliza umempa nani, na kwa kazi gani. Watu walikuwa wametoweka kwa kitu kidogo kuliko koti.

Baba alikaa kitandani na mikono juu ya magoti. Hakumtukana Rashidi. Laiti angetukana. Alisema tu, "Chandia, mama yako asijue bado."

Nilitoka pale nikiwa moto. Kaka yangu nilimpenda kuliko macho yangu, kwa hiyo sikutaka kumkasirikia yeye. Nikamtafuta wa kumkasirikia, nikampata: Musawo. Nikasema moyoni, huyu mzee anacheza karata na kaka yangu, anajua kila kitu, anatufichia, na baba yangu atakufa. Kutoka nyumba za polisi mpaka Namuwongo ni mwendo, lakini hasira haikupoa, iliongezeka kila hatua.

Nikafika. Nikapiga mlango teke. Nilikuwa nje ya shuka bado, siwaoni, hawanioni. Nikapaza sauti, na sauti iliyotoka haikuwa yangu, ilikuwa ya wanaume wote niliokulia kwao:

"Kaa chini wote! Hakuna mtu kutoka! Koti ya polisi iko wapi? Leo mtaonyesha!"

Nyuma ya shuka nikasikia vikombe vinaanguka.

Walipita kwenye uzio wa matete kama maji. Kamba zikakatika, shuka zikaburutwa, uji ukamwagika, mtoto akakanyagwa mkono. Na shuka zilipoanguka, nikaona kilichokuwa nyuma kabisa, kwenye kamba ya mwisho, kimefichwa: koti la baba. Limefuliwa. Linadondosha maji.

Rashidi alikuwa amelirudisha mwenyewe. Asubuhi ile alikwenda kwa mwuza waragi alikoliweka rehani, pamoja na vijana wawili wa pale uani, wakalidai mpaka wakapewa, likiwa limetapikiwa. Musawo akamwambia, "Lifue kwanza, umrudishie baba likiwa safi." Hayo niliyajua baadaye. Wakati ule nilisimama tu.

Musawo hakukimbia. Alikuwa kwenye mkeka, kijiko mkononi. Aliniangalia, akasema kwa sauti yake ile ile, "Chandia. Umechelewa, uji unapoa."

Waliokuwa bado wanatoka kwenye uzio walimsikia. Hapo ndipo kazi yake ilipokufa. Jifikirie wewe: sauti ya wanajeshi mlangoni, koti la polisi kwenye kamba ya dobi, na dobi mwenyewe anamwita aliyepiga kelele kwa jina, anamkaribisha uji. Ungerudi? Mimi nisingerudi.

Kati ya waliokimbia kulikuwa na mama wa Kiganda na binti yake, Nakato, wa miaka kumi na sita. Baba wa Nakato alikuwa amechukuliwa na watu wa gari, hakuonekana tena, na yule binti akaanza waragi, peke yake, kimya kimya, kwenye chumba chao nyuma ya fleti za Bugolobi. Ilikuwa Jumamosi yao ya pili. Rashidi aliniambia kwamba nilipopiga teke mlango, Nakato alikuwa ndiyo anafungua mdomo. Alikuwa amesema neno moja: "Mimi..."

Rashidi alianua koti kwenye kamba, likiwa bado bichi, akanipa, akatoka kwa mlango nilioingilia. Hakunipiga. Baba alilivaa Jumatatu likiwa na unyevu, akapona. Rashidi alipanda lori mpaka kwa mjomba wetu kaskazini. Yuko hai, mara anakunywa, mara hanywi. Ananiandikia. Ananisamehe kila barua, na kila barua nachukia kusamehewa.

Nilijificha mwezi mzima. Niliporudi uani Musawo alikuwa amepika sufuria ile ile, kubwa, ya nyumba sita. Hakukuwa na mtu. Alikuwa amefunga kamba, ametundika shuka, ametandika mikeka. Alinipa mwiko. Tukakunywa wawili, iliyobaki tukawapa kuku. Tulifanya hivyo Jumamosi nyingi. Ile ya kwangu hakuiuliza, na mimi sikuisema. Niliongea! Niliongea habari za sukari kukosekana, za majirani, za kila kitu. Ile tu ndiyo sikuisema.

Najua alikwenda Bugolobi kumtafuta Nakato, kwa miguu, si mara moja. Yule mama alimjibu nyuma ya mlango kwamba hana nguo za kufua.

Halafu nyumba ya reli ikachukuliwa, Musawo akahamia Kisugu, kwenye chumba kwa watu wa kanisa lake, na mimi nikawa na sababu za kutokwenda. Leo mvua, kesho kazi. Serikali ile ikaanguka, bado sikwenda. Ni ule ugomvi wa foleni ya chumvi ulionipeleka.

Nilimkuta amekaa kitandani, mdogo kama aliyefuliwa kwa maji ya moto. Mdomoni ana sigara, haijawashwa. Kifua kilikuwa kimekataa moshi, akabaki kuishika tu.

Akaniona. "Umerudi," akasema.

Nilikuwa nimeandaa hotuba, mimi tena! Nikaanza. Nikaeleza miaka ile ilivyokuwa, baba alivyokaa kitandani, Rashidi alivyolichukua koti, jeshi lilivyotuharibu sote midomo. Akaninyanyulia kidole. Kidole kile kile.

"Hiyo ni ya baba yako. Hiyo ni ya Rashidi. Hiyo ya jeshi ni ya jeshi. Sema yako."

Sikuwa nayo. Nawaambia ukweli, mimi ambaye nimegombana na nusu ya Namuwongo, nilitafuta neno moja sikulipata. Nilikaa pale mpaka chai aliyoniwekea ikapoa. Halafu nikasema, "Nilijua ile sauti inafanya nini. Niliitumia nikijua. Nilitaka waogope."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepokea kitu mkononi.

Nikauliza kilichokuwa kinanikaba miaka yote. "Kwa nini uliniita jina? Ungesema hunijui. Wangejua wewe hukuhusika, wangerudi."

"Nilikuwa nakujua."

"Lakini Musawo, kazi yako yote!"

"Mwaka mzima nawaambia watu wasimpe wa nyumbani mkebe. Halafu wewe uje umelewa, mimi niseme sikujui?"

"Mimi sikuwa nimelewa."

"Hee," akasema. "Mzima."

Tukacheka, halafu nikalia. Akainama, akavuta boksi chini ya kitanda. Ndani kulikuwa na vikombe walivyoacha siku ile. Vilikuwa vitano. Amevitunza vimefungwa kwenye magazeti. "Hivi vinne nimepeleka maneno, watachukua au hawatachukua," akasema. "Hiki, magoti yangu hayafiki tena." Akanipa kikombe cha bati, buluu, kimebanduka rangi ukingoni, chini kina alama ya rangi nyekundu ya kucha. Nilijua ni cha nani. Vile vingine niliviosha mwaka mzima, navijua vyote; kigeni kilikuwa hiki tu, cha Nakato na mama yake.

"Sitaki, Musawo. Atasikia sauti yangu atakimbia tena."

"Basi nenda na sauti ndogo."

Nilitoka Kisugu mchana ule ule, kwa sababu najijua, ningelala ningepata sababu. Njiani nilijaribu sauti ndogo. Watu walinigeukia, msichana anaongea na kikombe.

Nikafika Bugolobi, nikagonga. "Nani?" Sauti ya yule mama, kwa Kiganda. Kiganda changu ni cha sokoni, lakini nilijibu kwa hicho, halafu kikaniishia, nikabaki na Kiswahili. Nikakisema polepole, karibu na mbao za mlango: "Naitwa Chandia. Mimi ndiye nilipiga kelele uani kwa Musawo. Musawo hakujua nitakuja hivyo. Hakuwa mtu wao. Nilikuwa mimi peke yangu. Nimeleta kikombe chenu."

Nilisubiri sana. Mlango ukafunguliwa, akatokea binti. Nakato sasa ni mkubwa. Alikuwa ananuka waragi, mchana ule, na macho yake yalikuwa mbali. Akachukua kikombe, akakigeuza, akaangalia alama ya chini.

"Hiki ni cha mama," akasema. "Mimi nilikuwa na mkebe. Siku ile ndiyo walinipa hiki mara ya kwanza." Akapitisha kidole ukingoni. "Tulivyorudi nyumbani, nikarudi kwenye mkebe."

Mama yake alikuwa amesimama nyuma, hakunisalimia. Alikuwa anaangalia kile kikombe mkononi mwa binti yake. Akaingia ndani. Nikasikia sufuria, nikasikia maji. Nilidhani ananiambia niende kwa namna yake, nikageuka.

"Wewe," akaniita. "Kaa."

Nikakaa kwenye kizingiti. Akatoka na chai bila sukari. Kikombe cha buluu alimpa Nakato, kwa mikono miwili, akamsubiri mpaka akishike vizuri. Halafu akanipa mimi yangu. Ilikuwa kwenye mkebe.

Ulikuwa wa moto, unachoma vidole, una ladha ya kutu. Nilikunywa yote.